Midomo Myekundu ya Tangazo

Mtaa mzima ulimwita Bucha, na hakuwahi kuchinja hata kuku. Jina lilitokana na mikono yake, iliyokuwa myekundu mpaka juu ya vifundo, siku za kazi na za mapumziko, hata alipovaa shati jeupe kwenda kwenye arusi ya watu. "Bucha, leo paja unauzaje?" walimtania vijana wa gereji ya jirani, naye alicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. Ukiacha kukoroga, hakuna kazi aliyoijua vizuri kuliko hiyo ya kucheka.

Alikoroga juisi ya mama yake. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, lenye kaunta ya vigae, friji iliyotetemeka kila ilipojiwasha, na ubao ulioandikwa kwa herufi kubwa: ONGEZA DAMU HAPA. Mama yake, ambaye watu walimpachika jina la Mama Damu na yeye akalipokea kama cheo, aliuza juisi ya biti kwa wajawazito, kwa waliotoka kujifungua, kwa wanafunzi waliochoka na kwa yeyote aliyepauka. Juu ya kaunta alikuwa ameweka bakuli la kioo lenye biti mbili. Zilikuwa zilezile siku zote. Zilikuwa zimenywea na kuota vindevu, na kila asubuhi Mama Damu alizipaka mafuta ya kupikia ili zing'ae.

Ndani ya juisi yenyewe hamkuwa na biti. Hapo mwanzo zilikuwamo, na mke wa Bucha ndiye aliyezimenya, akazichemsha na kuzisaga. Kisha bei ikapanda, na Mama Damu akarudi kutoka sokoni na kopo la unga wa rangi, ule wa waoka keki. Kijiko kimoja kwa ndoo nzima, sukari, ndimu ya unga, maji ya bomba. Alimkabidhi mwanawe kijiko na akafunga pazia la jikoni. "Mkeo sasa ni mjamzito," alisema. "Apumzike na masufuria. Akae mbele na wateja." Bucha aliona hiyo ni huruma, au aliamua kuiona hivyo, kwa sababu ilikuwa rahisi.

Basi mkewe akakaa mbele, kwenye kiti cha plastiki kilichoegemea friji, tumbo likionekana tokea barabarani. Kila akiingia mteja, Mama Damu alimmiminia kikombe. "Kunywa, mwanangu, uwaonyeshe." Naye alikunywa. Alikunywa asubuhi, adhuhuri na jioni, na midomo yake ikawa myekundu, na ulimi ukawa mwekundu, na akicheka hata meno yalikuwa na wekundu pembeni. "Mwoneni huyu," Mama Damu alisema. "Mimba kubwa namna hii, lakini midomo hiyo! Damu imejaa mpaka inamwagika." Vijana wa gereji wakampa jina. Wakamwita Tangazo.

Mteja mwaminifu kuliko wote alikuwa msusi wa saluni ya ng'ambo ya barabara, naye akiwa na mimba changa. Alikuja kila siku na chupa yake mwenyewe. "Nijazie, mama," alisema. "Nataka midomo kama ya huyu dada." Wala hakutania. Alijitazama kwenye kioo cha friji, akatoa ulimi, akaondoka ameridhika.

*

Tangazo alikuwa akichoka. Alipoinuka kwenda uani alishika ukuta, kisha mlango, kisha kamba ya kuanikia nguo. Alihema akiwa ameketi. Na alikuwa ameanza kutafuna barafu. Alifungua friji, akavunja vipande kwa kijiko, akavitafuna kwa kishindo kama mtu anayetafuna mifupa, na hakuweza kuacha.

"Unamaliza barafu ya wateja," Mama Damu alimwambia. "Hiyo ni tabia gani, mtu mzima?"

"Sijui, mama. Mwili unaitaka tu."

"Mwili! Mimi nimezaa wanne, mwili wangu haukuniomba barafu hata siku moja."

Kliniki ilikuwa imempa vidonge, vile vyeusi-vyekundu ambavyo watu huviita vya damu. Alivimeza siku chache. Kisha mteja mmoja akamkuta ameshika kidonge mkono mmoja na kikombe cha juisi mkono mwingine, akauliza, kwa nia njema kabisa, kama juisi peke yake haitoshi. Jioni hiyo Mama Damu alikusanya vidonge vyote akavitia kwenye kabati lake la vyombo, nyuma ya birika la wageni.

"Utaniharibia biashara," alisema. "Watu wakuone unameza dawa ya hospitali, mimi niwaambie nini? Na hivyo vidonge vinakuletea kichefuchefu. Si ndivyo, mwanangu?" Hapo alimgeukia Bucha.

Bucha alikuwa akila. "Ni kweli huwa anatapika," alisema, na akaendelea kula.

Chumbani mkewe alimuuliza. Alikuwa amelala ubavu, miguu imevimba, mkono juu ya tumbo. "Hivi ile juisi, siku hizi mnaiwekea biti kiasi gani? Mbona haina ule udongo?"

"Udongo gani?"

"Ladha ya udongo. Biti ina ladha ya udongo. Nimezimenya miaka yote, siwezi kuisahau."

Angeweza kumwambia. Mlango ulikuwa umefungwa, mama alikuwa chumbani kwake akisikiliza redio, na jambo lenyewe lilikuwa dogo: mke wangu, ni rangi ile, meza vidonge vyako, mimi nitavitoa kabatini. Halikuhitaji ushujaa wa aina yoyote. Lakini Bucha aliona mbali zaidi ya hapo. Aliona mama akinuna, kazi ikimponyoka, na yeye na umri wake akianza kutafuta mahali pengine pa kukoroga kitu kingine.

"Tunazichuja sana siku hizi," alisema. "Ndiyo maana."

Baadaye mkewe alimwomba amletee barafu, naye akamletea bakuli zima. Alijiona mume mwema alipokuwa akilibeba.

*

Tangazo alianguka akiwa na kikombe mkononi. Duka lilikuwa limejaa, na Mama Damu alikuwa katikati ya ile hotuba yake ya damu kumwagika. Tangazo aliinuka kumpisha mteja, akasema neno ambalo halikusikika, akateremka chini taratibu huku mgongo ukisugua friji. Juisi ilimwagikia gauni lote. Mwanamke mmoja alipiga yowe akidhani mimba imetoka.

"Si damu, ni juisi!" Mama Damu alipaza sauti, na huenda ndiyo kauli ya kweli pekee aliyowahi kuitoa dukani mwake. "Ni jua tu. Amechoka na jua. Bucha! Mpeleke ndani."

"Tumpeleke hospitali, mama."

"Nani amekataa? Lakini si kwa mlango wa mbele. Unataka watu wote wamwone anabebwa? Pitia nyuma."

Bucha alipitia nyuma. Alimbeba mkewe kwenye kichochoro kati ya mapipa ya taka na ukuta wa gereji, akikanyaga maji ya mtaro, ili ubao wa ONGEZA DAMU HAPA usiaibike. Kiatu kimoja cha mkewe kilidondoka njiani na hakurudi kukiokota. Midomo ilikuwa bado myekundu vizuri sana. Aliitazama na, ajabu ya Mungu, ikampa moyo.

*

Mkunga aliyewapokea alikuwa mama wa makamo mwenye saa kubwa kifuani na subira kidogo. Alimwangalia mgonjwa usoni, akakunja uso. Midomo ilisema kitu kimoja na kifua kilichokuwa kikipanda na kushuka kilisema kingine. Akachukua pamba, akailowanisha, akafuta mdomo wa chini. Pamba ikawa nyekundu. Akafuta tena kwa nguvu zaidi, na chini ya wekundu mdomo ulikuwa na rangi ya majivu.

"Kapakwa nini huyu?"

"Hajapakwa," Bucha alisema. "Ni kinywaji."

Mkunga akavuta kope la chini kwa kidole gumba. Bucha aliinama akaona. Pale ambapo ndani ya jicho hutakiwa kuwa pekundu, palikuwa peupe kama ganda la yai. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona rangi halisi ya mkewe tangu mimba iingie, na ilibidi aonyeshwe na mtu baki.

Walitoa damu kidogo wakaipima. Mkunga alirudi na jibu kwa hatua za haraka. "Himoglobini tano. Tunataka kumi na moja kwa mjamzito. Tano! Huyu alikuwa anatembeaje?"

"Alikuwa anakaa," alisema Bucha.

"Nisikilize, kaka." Mkunga alikuwa akitafuta mshipa huku akiongea. "Mkeo anavuta hewa vizuri, mapafu yake mazima. Shida ni kwamba hakuna wa kuibeba hiyo hewa. Ndani ya damu kuna himoglobini, hiyo ndiyo inayoshika oksijeni kwenye mapafu na kuipeleka kwenye moyo, kwenye ubongo, kwa mtoto huyu. Na haitengenezwi bila madini ya chuma. Chuma kikiisha, mtu anahema na hewa imejaa chumba kizima. Moyo unakimbia kutwa, unazungusha maji tu. Mara nyingine anaanza kutafuna vitu vya ajabu, barafu, mchele mbichi. Alikuwa anatafuna?"

"Barafu."

"Na hamkushangaa."

Bucha alijifuta mikono kwenye suruali.

"Vidonge alikuwa anameza?"

"Alikuwa anatapika."

"Nimeuliza kama alikuwa anameza. Na hicho kinywaji ni cha nini?"

Hapa alipewa nafasi yake ya pili, na safari hii mama hakuwepo, wala wateja, wala redio. Mkewe alikuwa amefumbua macho, anamtazama. "Juisi ya biti," Bucha alisema.

"Hata ingekuwa biti ndoo nzima, haifiki hapa. Mmeacha dawa mkanywesha mtu juisi kwa sababu ni nyekundu!" Mkunga alifyonza. "Anahitaji kuongezewa damu sasa hivi. Tutachukua iliyopo kwenye akiba yetu, na ndugu waje kutoa ya kuirudishia."

Mama Damu alifika alasiri, amevaa vizuri. Alipoambiwa habari ya kutoa damu alishika kiuno. Ana umri, ana presha, na usiku hakulala vizuri. Mwanawe ndiye kijana, tena anakunywa maziwa. Bucha akalazwa kitandani, akakunjwa mkono wa shati. Alipoona sindano alisema "subiri kidogo," akazimia kabla haijamgusa. Walimwamsha kwa maji usoni. Katika ukoo wote uliojijengea nyumba kwa kuuza damu kwa chupa, hakuna hata mmoja aliyetoa tone.

Aliyetoa ni dada wa mgonjwa, muuza mitumba, aliyekuja na vumbi la marobota kwenye nywele na hakusalimia mtu. Alitoa, akanywa soda waliyompa, akapita kitandani kwa mdogo wake na kumfunika miguu. Kwa Bucha alisema neno moja tu. "Wanaume!" Kisha akarudi kwenye mitumba yake.

*

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, wa kike, mdogo, mwenye sauti kali. Mama yake aliokoka kwa damu ya watu asiowajua. Kwa siku kadhaa midomo yake ilikuwa na rangi isiyoeleweka, kisha ikaanza kuwa na wekundu wa upole, wa kawaida, usiofutika kwa pamba.

Bucha alikuja na uji na tabasamu. "Nipe nimbebe," alisema.

"Nawa mikono kwanza."

Alikwenda kwenye sinki mwisho wa wodi. Alinawa kwa sabuni, akasugua, akarudi. Mkewe aliitazama mikono ile. "Nawa tena." Alikwenda tena. Wanawake wa vitanda vya jirani walianza kutazama. Alisugua kwa brashi ya kusafishia ndoo, mpaka ngozi ikawaka moto, na wekundu ukabaki palepale, kwenye kucha, kwenye mistari ya viganja.

"Mimi nilimenya biti miaka," mkewe alisema, kwa sauti ya chini, kama anayezungumzia hali ya hewa. "Mikono ilikuwa myekundu mpaka saa ya kuosha vyombo vya usiku tu. Biti inatoka kwa maji."

"Mke wangu..."

"Ulijua?"

"Nilijua nini?"

Akamvuta mtoto karibu na kifua. Hakumwuliza tena, wala hakumpa ambebe. Bucha alisimama na mikono yake ikichuruzika maji sakafuni, akasema uji utapoa.

Mama Damu naye alikuja, na kapu la chupa. Kabla hajamtazama mjukuu alikuwa ameshaizunguka wodi. "Huyu mkwe wangu, mnamwona? Mtu mwingine angekufa. Kilichomshikilia ni juisi tu. Madaktari wenyewe wameshangaa." Aliuza chupa zote. Bucha ndiye aliyembebea kapu.

*

Baada ya kutoka hospitali Tangazo alipumzika ndani kwa muda, akimeza vidonge mbele ya kila mtu. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwenye kabati la vyombo akavitoa nyuma ya birika la wageni. Mama Damu aliona akamwacha, kwa kuwa alikuwa na mpango bora zaidi. Asubuhi moja alipangusa kile kiti cha plastiki, akakirudisha pembeni ya friji.

"Njoo ukae na mtoto, mwanangu. Watu wamwone. Wakiuliza, sema ni mtoto wa juisi."

Alikuja akakaa. Bucha, nyuma ya pazia, alimwona akikaa na moyo wake ukatulia. Mambo yamepita, alijiambia. Akachota kijiko cha unga, akatia ndooni, na maji yakabadilika mara moja.

Msusi aliingia na chupa yake. Tumbo lilikuwa limekua. Alisimama mlangoni kwanza, ameshika fremu, akivuta pumzi, ingawa alikuwa amevuka barabara tu. Midomo yake ilikuwa myekundu kuliko ya mtu yeyote mtaani. "Hongera, dada!" alisema. "Mtoto mzuri! Mama, nijazie. Na kama kuna kibarafu nipe, siku hizi nakipenda hicho sijui kwa nini."

Tangazo aliinuka. Alimkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamshika msusi kidevu, akavuta kope la chini kwa kidole gumba, kama alivyofanyiwa yeye.

"Peupe," alisema. "Dada, usinywe hii. Nenda kliniki leo. Hii ni rangi ya keki na sukari."

"Acha kumtisha mteja!" Mama Damu alicheka, lakini alicheka peke yake. "Uzazi umempanda kichwani. Usimsikilize, mwanangu. Biti hizi hapa, si unaziona?"

Msusi aliangalia bakuli. Kisha akapita kaunta, akafunua pazia, akamkuta Bucha amesimama na mwiko. "Shemeji, wewe ndiye unayekoroga. Niambie mimi, nina mimba. Humu mna biti?"

Ndoo ilikuwa miguuni pake. Kopo la rangi lilikuwa mezani, limefunuliwa, lina picha ya keki. Mama alikuwa anamtazama, mkewe alikuwa anamtazama, na yule msusi alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu aliyemwamini kila siku. Neno moja lingetosha. Mke wake alikuwa amekwishalisema tayari. Yeye alichotakiwa ni kuitikia kwa kichwa.

"Inategemea," alisema Bucha.

"Inategemea nini?"

Akafikiri. "Inategemea na msimu."

Msusi aliweka chupa yake chini, tupu. Tangazo alimfunga mtoto mgongoni, akakaza fundo. Alivaa ndara, kwa sababu viatu alikuwa na kimoja. Mama Damu alisogea mbele ya mlango. "Unakwenda wapi? Kama unamsindikiza, piteni huku nyuma, wateja wanakuja."

"Nyuma nimeshapita, mama," alisema, na wala hakuwa na hasira. "Tupishe." Akamshika msusi mkono. Wakatoka kwa mlango wa mbele, chini ya ubao, polepole, wakipumzika baada ya hatua chache, na vijana wa gereji wakaacha kugonga vyuma kuwatazama. Alipofika barabarani hakugeuka. Nguo za mtoto, Bucha alikuja kugundua baadaye, hazikuwamo chumbani tangu asubuhi.

Kiti kilibaki wazi. Wanawake wawili walikuwa wakivuka barabara kuja dukani, mmoja akiwa mjamzito. Mama Damu aliwaona, akakiangalia kiti, akamwangalia mwanawe.

"Kaa pale."

"Mimi, mama?"

"Kuna mwingine? Kaa."

Bucha alikaa. Kiti kilikuwa bado na joto. Mama akamimina kikombe mpaka juu, akamtia mkononi, na ndipo Bucha alipokumbuka kwamba kwa muda wote wa kukoroga alikuwa akionja kwa ncha ya kijiko tu, kupima sukari. Hakuwahi kunywa kikombe kizima.

"Karibuni, karibuni!" Mama Damu aliwaambia wanawake. "Huyu ni mwanangu. Alikuwa mgonjwa wa kubebwa huyu. Hebu mwoneni midomo."

Midomo ilikuwa bado mikavu. Akanywa upesi ili iwahi kupata rangi. Mama akamkanyaga mguu chini ya kaunta, maana yake acheke, naye akacheka.